Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujitengenezea ala ya muziki kwa sensa na kompyuta

Nimeshatengeneza ala za namna hii kadhaa, nyingine nzuri nyingine aibu tupu, na kila nikimwonyesha mtu naulizwa maswali yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mengine nimejibu kwa kirefu, mengine mstari miwili basi. Ukiwa na haraka ruka mpaka swali la kuunganisha mkono na sauti, huko ndo kwenye kazi yenyewe, haya mambo ya waya ni utangulizi tu.

Hivi hii ala ni kitu gani hasa? Si ni kinanda tu cha kuchomeka kwenye kompyuta?

Kinanda ni aina mojawapo, sawa. Ila angalia gitaa: unavuta uzi na uzi ule ule ndo unaotoa sauti, mkono na sauti havina wa kuvitenganisha. Huku kwetu vimetengana kabisa. Sensa inahisi mkono wako, bodi ndogo inageuza ile hisia kuwa namba, namba inapita kwenye kebo ya USB, alafu programu kwenye kompyuta ndo inatoa sauti. Ile namba, tuseme 600, haijui kama inatakiwa iwe filimbi, ngoma au mlio wa mlango uliokosa mafuta. We ndo unaamua, na hapo ndo raha ilipo na ndo balaa lilipo pia.

Wazo lenyewe la zamani sana. Leon Theremin wa Urusi alitengeneza ala yake miaka ya 1920 inaanza, na 1928 akapata hataza Marekani, unaipiga bila kuigusa: mkono mmoja ukisogea kwenye antena iliyosimama sauti inapanda, mwingine ukikaribia antena ya kitanzi sauti inapungua. Hapo hamna kompyuta hata ya dawa. Mwaka 1984 Michel Waisvisz kule Amsterdam akaanza kupiga na vifaa vya kuvaa mikononi alivyoviita The Hands, na 1991 Laetitia Sonami akachukua glavu za mpira za jikoni akabandika sensa za sumaku kwenye ncha za vidole. Glavu za kuoshea vyombo! Nalisema hili kwa sababu watu wengi hawaanzi mpaka wawe na vifaa vya maana.

Sawa, nimeshawishika, sasa ninunue sensa gani kwanza?

Usinunue. Kweli kabisa, usinunue kwanza. Kosa la karibu kila mtu, mimi nikiwemo, ni kununua pakiti ya sensa 37 alafu ndo unakaa unajiuliza hizi zitafanya nini, matokeo yake unapata sanduku lenye vitu kumi vinavyofanya mambo kumi na hamna hata kimoja unachokiweza.

Anza na mkono. Kaa mahali, weka muziki unaoupenda, uone mwili wako unataka kufanya nini wenyewe. Kuna watu wanagonga meza, kuna wanaominya, kuna wanaopeperusha mkono hewani kama wanaongoza kwaya, kuna wanaotikisa kiganja. Ukishajua kitendo chako kimoja sensa inajichagua yenyewe. Ala yangu ya kwanza iliyofanikiwa ilikuwa na sensa moja ya kuminya na swichi mbili, mwisho, na mpaka leo ndo ninayoipiga zaidi.

Kitendo gani kinataka sensa gani?

Kugonga: piezo, kile kisahani chembamba cha rangi ya dhahabu kinachokaa ndani ya saa za kengele na kadi za muziki. Ukikigonga kinatoa umeme chenyewe, na kinaweza kutoa volti nyingi kuliko bodi inavyopenda, kwa hiyo weka rezista (kile kipande kinachozuia umeme) ya megaomu 1 sambamba nacho na dayodi ya zena, ile inayokata volti zikizidi, ya volti 5.1 kama unatumia bodi ya volti 5 (ya volti 3.3 inataka zena ndogo zaidi). Kwenye programu usichukue namba ya kwanza unayoiona. Ikishavuka kizingiti endelea kusoma kama milisekunde 3 hivi utafute kilele, hicho ndo nguvu ya pigo, alafu programu izibe masikio milisekunde 30 au 40 maana kisahani bado kinatetemeka na usipoziba pigo moja litahesabiwa matatu.

Kuminya: sensa ya shinikizo, wengi wanaiita FSR. Ni rezista inayoshuka ukiiminya, bila kuguswa iko juu sana, ukiikandamiza inashuka mpaka omu mia kadhaa. Haifai kupimia uzito maana haina usahihi, ila kwenye muziki haijalishi, sikio lako ndo mizani. Siri yake ni sponji. Bandika kipande cha sponji nyembamba juu yake, bila sponji kidole kinaruka kutoka sifuri hadi mwisho na katikati hamna kitu, ukiweka sponji unapata ule mwendo mrefu wa kuminya taratibu. Sponji imeniokoa kuliko msimbo wowote.

Kupeperusha mkono hewani: wengi wanakimbilia HC-SR04, ile yenye macho mawili ya kutuma mawimbi ya kHz 40. Inasoma sentimita 2 hadi mita 4 hivi, unagawa mikrosekunde kwa 58 unapata sentimita. Ni sensa nzuri ya kufundishia ila kwa ala naiona ya wasiwasi, kiganja kikilala upande mwangwi unakwenda kwingine na namba inaruka, na unashauriwa kuipumzisha kama milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo, maana yake vipimo kama 16 kwa sekunde, muziki unakuwa na ngazi ngazi. Ukiitumia hakikisha umeweka kikomo cha muda kwenye ile pulseIn (amri ya msimbo inayosubiri mwangwi urudi) kwa sababu usipoweka inaweza kusubiri mpaka sekunde nzima huku ala yako imekufa. Sensa za leza kama VL53L0X ni ndogo, zinafika kama mita 2, na zinatulia zaidi.

Mwanga: LDR, rezista inayobadilika kufuata mwanga, rahisi kuliko zote na ya kwanza kukusaliti. Inachelewa kidogo halafu inategemea taa za chumba. Niliwahi kuipima vizuri mezani kwangu usiku, nikaenda kupiga sehemu yenye taa kali, sensa zote nne zikawa zimegonga mwisho juu hazishuki, nikapiga nusu saa nzima nimeinamia boksi nimelikinga na mwili wangu kama mtu anayewasha kiberiti kwenye upepo.

Kuinamisha na kutikisa: MPU-6050 na ndugu zake, ina mhimili tatu za mwendo na tatu za mzunguko. Kwa kuinamisha ni tamu sana. Ila usitegemee ikuambie mkono uko wapi chumbani, haijui, watu wanapoteza wiki hapo.

Kugusa tu: MPR121 inakupa sehemu 12 za kugusa na unaweza kuziunganisha na utepe wa shaba, karatasi ya alumini, hata tunda. Matunda yanapendeza kwenye video, kwenye ala ya kudumu yanaoza.

Bodi gani inafaa? Nina Arduino Uno tayari.

Uno, ile bodi ndogo ya Arduino unayoiandikia msimbo, inafaa kujifunzia, ina pini 6 za analogi (za kusoma volti inayopanda na kushuka) na inasoma 0 hadi 1023. Shida yake moja kwa kazi hii ni kwamba kompyuta haiioni kama kifaa cha muziki, inaiona kama bomba la data tu, inabidi uweke programu ya katikati ya kutafsiri. Bodi kama Leonardo, Micro, Teensy au Raspberry Pi Pico ukiziandikia msimbo wa MIDI (lugha ya maagizo ya muziki, nimeieleza chini) alafu ukazichomeka zinajitambulisha zenyewe kwamba mimi ni kifaa cha MIDI, na kila programu ya muziki inazikubali papo hapo. Kama hujanunua bado nunua mojawapo ya hizo. Ila angalia volti: Pico ni ya 3.3, ukiipelekea volti 5 kwenye pini unaiua, na HC-SR04 ikilishwa volti 5 inarudisha volti 5, nadhani unaona msiba unavyokuja. Pico pia ina pini 3 tu za analogi zilizotolewa nje.

Namba zinachezacheza hata sijagusa kitu, sensa mbovu?

Mara nyingi siyo mbovu. Kwanza angalia kama pini inaning'inia, yani haijaunganishwa popote, pini ya namna hiyo inaokota umeme wa hewani na kukupa namba za kubuni. Sensa za aina ya rezista lazima ziwe na rezista mwenzake kwenda GND (pini ya volti sifuri), kilo-omu 10 ni mahali pazuri pa kuanzia, zile mbili zinagawana volti na pini inasoma katikati yake. Swichi nazo hivyo hivyo, zisining'inie, washa rezista ya ndani ya bodi.

Kama umeunganisha vizuri na bado inacheza kidogo, mfano 511, 514, 509, 512, hiyo ni kawaida. Ilainishe:

laini = laini + 0.2 × (mpya − laini)

Mstari mmoja tu huo. Ile 0.2 ukiishusha inatulia zaidi ila inakuwa nzito, ukiipandisha inakuwa nyepesi ila inatetemeka, tafuta kwa sikio siyo kwa macho. Alafu usitume kitu mpaka thamani ya mwisho iwe imebadilika kweli. MIDI inataka 0 hadi 127 kwa hiyo 1023 unagawa kwa 8, ila ikikaa mpakani itaruka 63, 64, 63, 64 siku nzima, sasa iambie bodi isihesabu mabadiliko mpaka ile namba kubwa, ya 0 hadi 1023, iwe imesogea hatua 6 au 8. Utaona ghafla ala imetulia kama imepewa dawa ya usingizi.

Hii MIDI inatuma sauti?

Hapana, na hili linachanganya watu mno. Inatuma maagizo tu. Ilitoka 1983, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani ndo waliisukuma mpaka makampuni yaliyokuwa yanashindana yakakubaliana. Ukibonyeza noti bodi inatuma namba tatu, mfano 144, 60, 100. 144 maana yake washa noti kwenye chaneli ya kwanza, 60 ni C ya katikati, 100 ni nguvu ya pigo. Ukiachia inatuma nyingine ya kuzima. Hiyo 60 kuwa piano au panda ni shauri la kompyuta.

Noti 69 ni A ya Hz 440, na kila ukipanda noti moja unazidisha kwa 1.0595 hivi. Kwa vitu vya mwendo kama kuminya kuna namba za udhibiti: 1 ni ile ya mtikisiko, 7 ukubwa wa sauti, 11 hisia, 64 ni ile pedali ya kushikilia, 74 mara nyingi ni ung'avu wa sauti. Ukizifuata hizi sinthesaiza nyingi (vyombo au programu za kutengeneza sauti kwa umeme) zitakuelewa bila kuzifundisha.

Na OSC je? Naona watu wanaisifia.

OSC, yani Open Sound Control, ni njia nyingine ya kutuma maagizo, ilitoka Berkeley 1997, inatuma namba zenye desimali na majina unayojitungia kwa njia ya mtandao, kwa hiyo badala ya namba 74 unaandika /mkono/kushoto/kuminya na ukirudi baada ya miezi sita bado unaelewa. Haina ule ufinyu wa MIDI wa hatua 128. Kama sauti unaitengeneza mwenyewe kwenye programu kama Pure Data au SuperCollider tumia OSC, kama unataka kuongoza sinthesaiza iliyokwisha tengenezwa tumia MIDI. Hamna ugomvi hapo.

Kwenye kompyuta niweke programu gani?

Mimi Pure Data. Ni ya Miller Puckette, yule yule aliyeanzisha programu ya Max kule IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki Paris, miaka ya 80, ni bure, inakubali mashine chakavu, unachora visanduku na kuviunga kwa nyuzi. Sura yake mbaya, nakubali. SuperCollider ni ya kuandika msimbo, sauti yake tamu, pia bure. Max ni ya kulipia na imenyooka zaidi. Kama hutaki kutengeneza sauti unataka kupiga tu, fungua programu yoyote ya kurekodia muziki, weka sinthesaiza ndani, imeisha.

Mtego mmoja: kama bodi inatuma data kwa njia ya serial (lile bomba la data tu, siyo MIDI), lile dirisha la kusomea namba kwenye Arduino likiwa wazi programu ya muziki haitaweza kufungua mlango, maana mlango ni mmoja na anaingia mmoja. Nimewahi kubadilisha kebo tatu na kufuta draiva kabla sijagundua kwamba dirisha liko wazi nyuma ya dirisha jingine. Na kasi usiiache biti 9600 kwa sekunde, mstari wa herufi 12 kwa kasi hiyo unapita mara 80 tu kwa sekunde, weka 115200.

Nikigusa sauti inachelewa, tatizo liko wapi?

Hesabu njia nzima. Bodi ya Uno kusoma pini moja ni kama milisekunde 0.1, siyo yenyewe. Ujumbe mmoja wa MIDI kwenye kebo ya zamani ya pini tano ni karibu milisekunde 1, kwenye USB hata usiwaze. Mwizi kwa kawaida ni mmoja kati ya hawa wawili: ile delay, amri ya kusubiri, uliyoacha kwenye msimbo ulipokuwa unajaribu taa, au bafa ya sauti, ile akiba ndogo kompyuta inayoikusanya kabla ya kuitoa kwenye spika. Bafa ya sampuli 1024, kwa kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde, ni milisekunde 23, ya 256 ni karibu 6, ya 64 ni moja na nusu. Ishushe mpaka sauti ianze kukwaruza alafu panda hatua moja. Kwenye Windows utahitaji draiva ya ASIO, bila hiyo mara nyingi utahangaika tu, Mac iko sawa yenyewe, Linux watu wanatumia JACK.

Watafiti David Wessel na Matthew Wright waliandika 2002 kwamba lengo liwe milisekunde 10 toka mkono mpaka sauti, na kuyumba kusizidi 1. Hiyo ya kuyumba ndo watu wanaisahau. Sauti inayochelewa 15 kila siku mkono unaizoea, ila inayochelewa 5 mara hii na 20 mara ijayo hutaizoea hata ufanye mazoezi mwaka mzima, utadhani we ndo huna mdundo kumbe ni mashine.

Na usisikilizie kwenye hedifoni za bluetooth! Naomba sana. Zinaongeza kuchelewa kwingi kuliko vyote nilivyotaja hapo juu ukijumlisha.

Noti imekwama hainyamazi, nifanyeje?

Ile amri ya kuzima haikufika. Labda waya umechomoka katikati, labda umebadilisha oktavu huku kidole kiko chini, kwa hiyo umewasha 60 ukazima 72 na 60 bado inalia. Dawa ya kudumu: noti ikiwashwa ihifadhi namba yake kwenye kumbukumbu ya kitufe kile, ukiachia zima namba iliyohifadhiwa, usihesabu upya.

Na weka kitufe cha dharura, kinatuma udhibiti namba 123 kwenye chaneli zote 16. Mimi nilikiona cha ziada mpaka siku moja mbele ya watu, nimeinuka kidogo na kebo ya USB ikachomoka wakati nimeshikilia noti nzito ya chini. Bodi imezimika, haiwezi kutuma amri yoyote, na ile noti inaguruma mmmmmm, watu wanadhani ni sehemu ya kipande, wananiangalia kwa heshima, mi natafuta panya ya kompyuta chini ya meza. Tangu siku hiyo kitufe cha dharura kiko kwenye kompyuta yenyewe siyo kwenye bodi, na kebo inapita kwenye tundu la boksi na kufungwa fundo kwa ndani.

Kuunganisha mkono na sauti: sensa zangu zote zinafanya kazi lakini ala inachosha baada ya dakika mbili, kwa nini?

Hili ndo swali. Karibu kila aliyeniuliza alikuwa ameunganisha moja kwa moja: sensa ya kwanza ni kimo cha sauti, ya pili ni ukubwa, ya tatu ni mwangwi. Kila kitu na chake. Inaonekana safi kwenye karatasi ila ukiipiga unajisikia kama unachezea swichi za ukutani.

Mfikirie mpiga fidla. Ukubwa wa sauti haukai sehemu moja, unatoka kwenye kasi ya upinde na mgandamizo na mahali upinde unapopita, na mgandamizo ule ule unabadilisha rangi ya sauti pia. Vitu vimefungamana. Na kikubwa zaidi, akisimamisha upinde sauti inakufa. Lazima atie nguvu muda wote, ndo maana unaona jasho.

Sasa fanya mambo mawili. La kwanza, usitumie tu mahali sensa ilipo, tumia na kasi ya kubadilika kwake. Toa kipimo cha sasa kwa kilichopita, chukua ukubwa wa tofauti, ulainishe, hicho kifanye ndo ukubwa wa sauti. Mkono ukitulia, kimya. Mkono ukitembea, sauti. Nilipofanya hivi kwenye boksi langu la zamani, bila kuongeza hata rezista moja, lilibadilika likawa chombo kingine, rafiki yangu aliyekuwa amelidharau alilishika akakaa nalo mpaka chai ikapoa.

La pili, kitendo kimoja kiguse vitu viwili vitatu kwa viwango tofauti. Ukiminya, sauti iongezeke, na ung'avu uongezeke kidogo lakini uchelewe kuanza, na kimo kipande kwa nywele tu, senti 10 hivi yani sehemu ya kumi ya noti. Sikio linapenda hivyo kwa sababu ala za kawaida zinafanya hivyo, ukipuliza filimbi kwa nguvu inang'aa na kupanda.

Kuna na umbo la mwitikio. Sensa inaenda 0 hadi 127 kwa mstari ulionyooka ila mkono hauhisi hivyo, kwa FSR nusu ya kwanza ya nguvu inakula karibu namba zote. Ipinde: geuza iwe 0 hadi 1, izidishe yenyewe kwa yenyewe, rudisha. Jaribu, hisi, badilisha. Sehemu hii haina jibu sahihi la kunakili, na mimi hapa natumia muda mara tano kuliko kulehemu.

Nikipeperusha mkono nakosa noti zote, nazifungia kwenye skeli, yani ngazi ya noti zinazoruhusiwa tu?

Unaweza, na ukifanya hivyo hutakosea kamwe, na hiyo ndo kasoro yake. Mi nafungia nusu: mkono ukitulia sauti inavutwa taratibu kwenye noti ya karibu, ukitembea inaachiwa huru. Inabaki na mteremko.

Kama muziki wako una robo toni, mfano makamu za Kiarabu (skeli zao), tumia amri ya kupinda sauti: inaenda 0 hadi 16383, katikati ni 8192, na sinthesaiza nyingi zimewekwa toni moja kila upande, kwa hiyo robo toni juu ni 10240. Ila inapinda chaneli nzima, ukitaka kila noti ipinde kivyake ipe kila noti chaneli yake, ndo kitu wanaita MPE.

Naweza kufanya bila waya?

Tumia ESP32, bodi yenye wifi ndani yake, na utume OSC kwa wifi. Nyumbani inafanya kazi vizuri. Ukumbini simu mia mbili zinapigania hewa ile ile, kwa hiyo chukua rauta yako mwenyewe na kebo ya akiba, na utumie kebo. Natania kidogo tu. Jua pia kwenye ESP32 baadhi ya pini za analogi, zile za kundi linaloitwa ADC2, hazisomeki wifi ikiwa imewashwa.

Lazima nijue kulehemu?

Kuanza hapana, bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuchomeka waya, inatosha. Kubeba ala nje ya chumba ndiyo. Waya za bredibodi zinachomoka kwa kuangaliwa tu.

Nitajuaje imekamilika?

Haitakamilika, utaifunga tu. Weka skrubu kwenye boksi, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na kwa miezi mitatu usiguse msimbo, fanya mazoezi. Kila ukibadilisha mwitikio wa sensa unafuta kile mkono ulichojifunza, ni kama mtu kuja usiku kusogeza vibao vya piano yako. Weka daftari pembeni, kila wazo jipya la kuongeza liandike humo, miezi ikiisha utakuta mengi yamepoteza ladha yenyewe.

Nikipiga watu wanadhani nimebonyeza rekodi. Nifanyeje?

Wana haki, wameona mtu na laptopu. Skrini igeuze isikumulike uso, ondoa macho yako kwake. Anza kipande kwa kitendo kimoja kikubwa na sauti moja, kimya, rudia, kimya, ili jicho lao lishike kwamba ule mkono ndo ule mlio. Mimi huwa naanza kwa kugonga boksi na kifundo cha kidole, ule mgongo wa kidole unaogongea mlango, unasikika wenyewe hata spika zikiwa zimezimwa. Baada ya hapo nafungua sauti.